Shangazi, mama anasema kupumua kwa yoga ni ibada ya Wahindi, niache?

"Asalaam alaykum Shangazi. Mimi binti wa Arua, Uganda, niko Glasgow, Uskoti, huu mwaka wa pili, natunza wazee kazi ya usiku, naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi. Usiku unalipa zaidi, na ada za shule za wadogo zangu ziko juu yangu. Tangu mwezi wa kumi na moja niko kama nguo iliyolowa. Nalala na bado nachoka, nakula mkate na wali kama nimetoka kufunga, simu za nyumbani naziangalia tu zinalia. Mwenzangu kazini akanifundisha kupumua kwa yoga, unaziba pua moja unavutia nyingine, na wallahi kifua kinafunguka. Kumwambia mama, akasema hiyo ibada ya Wahindi niache mara moja. Kaka naye ati uko Ulaya unalia nini. Saa zingine naona bora nilale tu nisiamke. Niache au niendelee?"

Waalaykum salaam binti yangu. Mambo ya pua tutayafikia, kwanza turudi kwa ule mstari wa nisiamke, ule umeupitisha mbio mbio kama mtu anaficha kitu chini ya kitenge. Mimi nimeuona. Wiki hii, si mwezi ujao, piga simu kwa daktari wako wa mtaa umwambie maneno hayo hayo kama ulivyoniandikia mimi, usiyapunguze chumvi. Na usiku ukiwa mzito zaidi, huko uliko kuna namba ya Samaritans, watu wa kusikiliza waliozidiwa, 116 123, ni bure, usiku na mchana kuna mtu anapokea, si lazima useme jina. Ukiona unaweza kujidhuru saa hiyo hiyo, 999. Haya, tuendelee.

Kaka yako anadhani ni uvivu. Mwambie huo uvivu una jina na una umri. Mwaka 1984 daktari mmoja, Norman Rosenthal, na wenzake kule Marekani waliuandika kama ugonjwa, seasonal affective disorder, yaani huzuni inayokuja na winta na kuondoka na jua, na huyo daktari mwenyewe katoka Afrika Kusini, alipohamia New York akajiona kila winta nguvu zinamwisha, kwa hiyo si wewe wa kwanza kutoka kwetu. Dalili zake ndio hizo umeniandikia bila kujua, kulala sana, kutamani vitu vya wanga, kukwepa watu. Sisi huku tunafikiri shida ya Ulaya ni baridi. Watu wa Kabale, kwenye milima ya Uganda, watakuambia baridi wanaijua, ukungu mpaka saa nne asubuhi, lakini jua la Kabale likichelewa linakuja! Huku kwetu linatoka karibu saa moja na kuingia karibu saa moja, mwezi wa sita ama wa kumi na mbili hakuna tofauti ya maana. Glasgow mwezi wa kumi na mbili linatoka karibu saa tatu kasorobo na kufika saa kumi kasorobo limeshaenda. Mwanga wa muda wa saa saba tu.

Sasa piga hesabu na mimi. Unatoka kazini saa mbili asubuhi, giza. Unafika kwako, unafunga pazia unalala. Unaamka saa kumi, giza tena, unapasha chakula, unarudi kazini. Binti yangu, wewe hizo saa saba zenyewe huzioni! Hata mtu aliyezaliwa huko hapo angelia. Mwili unapima mchana kwa macho, mwanga wa asubuhi ndio unaoambia ubongo acha kutengeneza dawa ya usingizi amka, na wako unaambiwa ni usiku siku nzima, basi unafanya kama usiku.

Ndio maana nasema pumzi endelea nayo, ila isikudanganye. Inafanya kazi, si uchawi. Ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, moyo unapunguza mbio na mwili unaelewa hakuna simba hapa. Kaa wima kwenye kiti, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, hapo utapata pumzi kama sita kwa dakika, dakika tano au kumi zinatosha. Ile ya pua unaijua, kidole gumba kinaziba ya kulia unavuta kwa kushoto, unaziba kushoto unatoa kulia, unavuta hapo hapo kulia, unarudi kutolea kushoto. Ama vuma kama nyuki mdomo umefungwa wakati wa kutoa, hiyo naipenda mimi hata nikiwa kwenye foleni ya magari Kampala. Ile ya haraka haraka ya kupiga tumbo kama mvukuto, achana nayo kama una presha, mimba, kifafa au moyo. Mimi mwenye presha yangu niliiona YouTube nikajaribu peke yangu jikoni, nikajikuta nimekaa sakafuni sufuria la maharagwe linanitazama.

Lakini pumzi inatuliza roho, haileti mchana. Kazi ya mchana ifanywe na mchana: omba shifti ya mchana, hata kama ni mpaka mwezi wa tatu tu, na saa ya mapumziko utoke nje, hata mawingu ya huko yana mwanga kuliko taa za ndani. Muulize daktari kuhusu ile taa maalum ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) ambayo watu wanakaa mbele yake kama nusu saa asubuhi, uulize kwanza manake mwenye ugonjwa wa macho au hali ya kupanda na kushuka sana kwa akili haimfai hivi hivi. Kuna dawa pia na kuna tiba ya maongezi. Vitamini D meza, mikrogramu 10 kwa siku, ngozi yetu inaihitaji huko, ila hiyo ni ya mifupa zaidi.

Kuhusu mama. Mimi si shehe, lakini mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliharamisha yoga yenye maneno ya ibada ndani yake, na 2009 maulamaa wa Indonesia wakatenganisha, mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwa, na ibada hapana, mazoezi matupu ya mwili hayana neno. Wewe unahesabu moja mpaka sita, unamwabudu nani? Kama jina yoga linamchoma, usilitaje, sema ni mazoezi ya pumzi tu. Hapo si uongo.

Na shifti ya mchana itapunguza hela, najua, ndio kilichokufunga. Usiwaambie kwa meseji. Jumapili mpigie mama kwa vidio saa mbili asubuhi ya huko, kwao ni saa tano asubuhi, kaka awepo, usiseme kitu kwanza, geuza tu simu dirishani waone.