Nilisusa kikundi miezi miwili kisa mlima

Jumatatu mdogo wangu mmoja wa Arusha kanitumia meseji: "Dada shikamoo, nimemaliza riwaya, kurasa 140, naomba unisomee uniambie ukweli, nataka niipeleke Tuzo ya Nyerere." Nikacheka peke yangu. Hiyo "uniambie ukweli" naijua vizuri, na mimi niliisema hivyo hivyo, kumbe nilikuwa natafuta kusifiwa.

Kikundi chetu cha waandishi tuko watano. Tunakutana Moshi mjini Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, kwenye kamgahawa ka nyuma nyuma karibu na stendi, mwenyewe anatuvumilia kwa sababu tunanunua mtori. Unakuja na kurasa zisizozidi kumi, kopi tano, unasoma kwa sauti, ukimaliza unafunga mdomo wenzio waongee. Ndo hivyo tu.

Mara yangu ya kwanza nilipeleka hadithi ya msichana anayerudi kutoka Dar. Anashuka kwenye basi mwezi wa nne, saa saba mchana, anainua macho anaona mlima Kilimanjaro mweupeee, machozi yanamtoka. Nilisoma kwa madaha sana aisee. Mwalimu wetu mmoja mstaafu akavua miwani, akaifuta na shati, akaniuliza taratibu, "Binti yangu, mwezi wa nne saa saba mchana, mlima uliuona wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi mzaliwa wa Kibosho! Masika yote mlima umejifunika mawingu, labda ubahatike alfajiri au jioni kidogo. Nilikuwa nimeandika mlima wa kwenye kalenda.

Hapo ningevumilia, ila kuna kijana mmoja akadakia kwamba yeye alichoka ukurasa wa tatu akaruka mpaka mwisho. Alisema hivyo huku anakula mtori niliolipia mimi. Kopi yake alinirudishia ina maduara mekundu, kila penye neno "ghafla" kazungushia, pembeni kaandika 14. Usiku nikakaa kuyahesabu moja moja kwa hasira nikitaka nimkamate kakosea. Yalikuwa 14.

Nikasusa miezi miwili. Simu sipokei, nikikutana nao Mbuyuni najifanya nachagua nyanya. Hadithi nikaituma hivyo hivyo kwenye shindano, haikufika popote, hata jibu sikupata.

Niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, Mwalimu alisogeza tu kiti. Mlima nikautoa. Sasa msichana anashuka mvua inapiga, anamuuliza mama muuza ndizi mlima uko upande gani, na yeye kazaliwa hapo hapo, mama anamwangalia tu. Hiyo sehemu ndiyo kila mtu anaitaja, na mwezi uliopita hadithi imeshika nafasi ya tatu kwenye shindano lingine, naandika hapa kwa herufi ndogo lakini moyoni ni kubwa. Yule kijana alinipa hongera. Ya kuchoka ukurasa wa tatu hajaiombea radhi mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi tuache kupakana mafuta. Mtu kaweka kazi kwenye grupu la Wasapu, dakika moja haijaisha watu wameshaandika "kalamu imekomaa", umesoma saa ngapi? Ukipewa kazi ya mwenzio isome, sema ulichoka wapi, ulipotea wapi, wapi hukuamini. Na ikiwa ni zamu yako kusemwa, nyamaza, usijitetee, maana msomaji ukishamuuzia kitabu hutakuwepo pembeni yake umweleze ulimaanisha nini. Nyamaza kabisa. Mimi hata leo nang'ata ulimi.

Tena mimi macho yalifunguka zaidi nikisoma za wenzangu, "ghafla" ya mtu mwingine unaiona kutoka mbali.

Sasa mdogo wangu, ile tuzo najua inavyovuta, 2023 mshindi wa kwanza alipewa milioni 10 na TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, mimi mwenyewe naiota. Ila kurasa 140 sisomi. Chapa kumi za mwanzo, kopi tano, acha nafasi kati ya mistari watu waandike, panda Coaster ya asubuhi uje Jumamosi. Na hela ya mtori njoo nayo.