Maswali ya Wasomaji: Oili ya Injini Iliyozeeka

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, injini ya 5A ya petroli, ambayo imevuka kilomita 240,000. Tangu nilinunue gari hili nimekuwa nikitumia oili ya 10W-30, lakini siku hizi inapungua sana kabla ya kufika servisi. Fundi wangu anasema injini imelegea, hivyo nihamie 20W-50. Muuzaji wa vipuri naye ananishauri ninunue sintetiki ya bei kubwa pamoja na chupa ya dawa ya kuzuia moshi. Nimfuate yupi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao mpaka ujue oili yako inakwenda wapi. Chuma kilichokwisha kulika hakirudishwi na oili ya aina yoyote. Kazi ya oili ni kupunguza kasi ya ulikaji unaoendelea, na kazi hiyo huifanya vizuri pale tu inapofika kwa wakati na kwa kiasi cha kutosha.

Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, mwombe mtu aiwashe wewe ukiwa umesimama nyuma ya gari. Moshi wa bluu ukitoka kwa muda mfupi kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu zilizokakamaa, na oili imekuwa ikichuruzika kuingia kwenye silinda usiku. Moshi ukiendelea kila unapopanda kilima na mzigo, zishuku ringi za pistoni. Usipoona moshi wowote, kagua chini ya gari na pembeni mwa kifuniko cha valvu, kwani gasketi iliyokauka hupoteza oili nyingi bila kelele, na bei ya kuibadilisha ni ndogo kuliko madumu utakayoendelea kununua.

Tuje sasa kwenye uzito wa oili, yaani mnato wake. Namba ya mwisho, yaani ile 30 au 50, huonyesha mnato wa oili katika nyuzi 100 za Selsiasi, ambao kwa daraja la 30 ni kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5, kwa 40 ni kuanzia 12.5 hadi 16.3, na kwa 50 ni kuanzia 16.3 hadi 21.9. Maana yake ni kwamba fundi wako anakutaka uruke daraja zima, na mnato unaweza kukaribia kuwa mara mbili ya ule uliouzoea. Oili nzito kiasi hicho hupandisha mshale wa geji ya presha kwa sababu inapita kwa taabu, jambo ambalo huwapa wengi faraja isiyo ya kweli, maana mshale kupanda hakuthibitishi kwamba beringi zinapata oili nyingi zaidi. Ushauri wangu ni upande hatua moja tu, uweke 10W-40 au 15W-40, kisha uandike ni kiasi gani unachoongeza hadi servisi ijayo. Ikiwa upungufu haujapoa, na jedwali la joto katika kitabu cha gari linairuhusu 20W-50 kwa nchi za joto, hapo itumie bila hofu. Namba iliyo kabla ya herufi W inahusu uwashaji kwenye baridi, na oili ya 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Tanga haiijui. Msomaji wa Makete au Njombe ningemshauri abaki na 10W.

Wapo wanaodai kwamba oili mpya zimepunguzwa zinki na fosforasi, viungo vinavyokinga vyuma visilike, hivyo hazifai magari ya zamani. Ni kweli kiwango cha fosforasi kilishushwa ili kulinda kisafisha moshi cha kwenye ekzosti, lakini kwa kawaida ukomo huo unazibana oili nyepesi, kama 5W-30 na 10W-30, si 15W-40 wala 20W-50. Kwa gari lako, daraja la ubora la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) liitwalo SL, lililoanza mwaka 2001, au la SN la mwaka 2010, linatosha kabisa.

Sintetiki haina madhara, ila kwa injini inayokula oili unachoma fedha, na ile dawa ya moshi mara nyingi ni kitu cha kuifanya oili iwe nzito, kinachoficha dalili. Fedha hiyo nunulia filta nzuri, umwage oili kila kilomita 5,000 au miezi 6, kimojawapo kikitangulia. Tena nakusihi, usinunue oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, wala dumu ambalo lakiri ya kifuniko imeguswa, hata kama muuzaji ni jirani. Injini yenye nafasi pana kati ya vyuma vyake haivumilii oili iliyokwisha tumika ikachujwa na kuuzwa upya, na hasara yake huonekana beringi zinapoanza kugonga.

SWALI: Je, oili hiyohiyo naweza kuiweka kwenye Hiace yangu ya dizeli, injini ya 5L?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usitazame uzito peke yake. Oili ambayo daraja lake la API lina herufi S pekee imetengenezwa kwa petroli, na haina uwezo wa kutosha wa kubeba masizi ya dizeli, ambayo yakijikusanya husaga kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na kuta za silinda. Tafuta daraja la dizeli la CH-4 au CI-4 katika 15W-40. Dumu likiwa limeandikwa CI-4/SL, unaweza kulitumia kwa Hiace na pia kwa gari dogo la petroli linalokubali uzito huo, bila kulazimika kununua oili mbili.