Kwa mwanangu: hiyo redio naitaka ya nini

Asalaam alaykum mwanangu. Voisi yako nimeisikia, unacheka kweli kweli unasema mama, redio ya masafa mafupi ya nini zama hizi na simu nshakununulia, si kila kitu kimo humo. Haya, nakujibu kwa hiyo hiyo simu usije ukasema sijui kuitumia.

Kwanza nkuulize, Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilipokatika hiyo simu ilinifaa nini? Ilikuwa tochi. Siku kadhaa wasapu haifunguki, huku tunasikia bara kumechafuka, na wewe uko Dar, mie hapa Wete, Pemba, roho juu. Nikenda kwa mzee jirani, yule mstaafu wa utangazaji, ana redio yake kubwa ya bendi tatu, tukakaa ukumbini mimi na mkewe na nusu ya mtaa tunasikiliza. Ndo siku hiyo nikasema na mie nataka yangu.

Ila usinidhanie nalilia zamani. Redio ya zamani tunaijua sisi tulioisikiliza, ilikuwa ya serikali, taarifa ya habari inaanza na ziara ya kiongozi, kisha nani kazindua nini, kisha mgeni gani kapokelewa, ikifika zamu yetu sisi saa imekwisha. Januari 2001 watu walipopigwa risasi hapa hapa Pemba na wengine wakakimbilia Shimoni Kenya kwa vyombo vya baharini, sisi tuliomo ndani ya mji tukingoja redio za London na za Cologne Ujerumani zitwambie kilichotokea mtaa wa pili. Marehemu baba yako akiweka sikio kwenye redio sauti chini kabisa, wewe nikikwambia ulale. BBC ya Kiswahili ipo tokea 1957, Wajerumani tokea 1963, ndo waliokuwa wakitwambia habari zetu wenyewe, na hilo ni aibu, si sifa. Na hao wakubwa nao usiwaone, Machi 2025 Sauti ya Amerika ilizimwa na serikali yao wenyewe kule Washington. Mie nlikuwa nadhani redio za kufungwa mdomo ni za kwetu tu.

Nnachokitamani mimi ni kitu kidogo. Matangazo ya vifo. Fulani wa Mtambwe anasikitika kutangaza kifo cha mamaake, habari ziwafikie fulani wa Makunduchi, fulani wa Tanga na jamaa wote popote walipo, maziko saa saba. Hapo hata mwenye kutwanga anasimamisha mchi. Lile tangazo lina mtu aliyelipeleka, lina jina lake, likiwa la uongo anajulikana ni nani. Sa hivi kwenye grupu la ukoo tushamzika mjomba wako mara mbili na mwenyewe yuko hai anakula urojo, na ukiuliza nani kaleta habari kila mtu anakwambia na mie nimetumiwa.

Nkamuuliza yule mzee, hivi mbona redio za siku hizi ni nyingi, zinapiga kelele kutwa, na mie mtu wa Pemba sijisikii humo? Akanambia mama fulani, habari ni nauli. Zamani mtu anapewa mafuta ya gari na posho anakwenda mpaka Kojani anarudi na kanda yake. Leo kijana anakaa studio asubuhi anasoma magazeti ya Dar na aliyoyaona Instagram, anacheka na mwenzake, katikati tangazo la bando, basi kipindi kimekwisha na hakuna aliyevaa kiatu. Vijana wa kazi wapo, anasema, kinachokosekana ni mwenye redio wa kuwalipia boti. Nlimbishia kidogo, nikamwambia na nyie mliokuwa na hiyo nauli mkiitumia kufuata msafara wa viongozi. Akanyamaza, mkewe ndo aliyecheka.

Lakini wako wanaojitahidi, nisiwe mchoyo. Ile Redio Jamii ya Micheweni, watu wa huko huko, ukiisikia inazungumza mwani au maji unajua anayesema mwani keshaushika. Mitambo yao si ya kifahari, sauti saa nyengine inakwaruza, mie haidhuru.

Kwa hiyo ninunulie ya kutafuta stesheni kwa kuzungusha kwa mkono, si ya kubonyeza, na iwe ya kutia mawe, yaani betri, maana umeme huu unaujua. Mpe shemeji yako aje nayo kwa boti, usiitie kwenye mzigo na yale mabati. Na bei usinambie.

Wasalimie wajukuu wangu, na yule mdogo mpeleke madrasa, asikudanganye eti kichwa kinamuuma.

Mama yako, Wete