Swali Aliloogopa Kuniuliza

Jumapili moja asubuhi pale Lukenya, kwenye miamba iliyo kando ya barabara ya Mombasa, yapata kilomita 40 kutoka Nairobi, nilikuwa nimemshikia kamba binti mmoja aliyekuja kupanda mwamba halisi kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshaacha ardhi, yuko kama mita moja na nusu juu, ndipo mzee mmoja aliyekuwa akikunja kamba yake jirani yetu akasema kwa upole, "Binti yangu, hebu shuka kidogo nione fundo lako."

Akashuka. Fundo la nane, lile lenye umbo la namba nane linalomfunga mpandaji kwenye kamba, lilikuwa nusu. Nane ya kwanza aliifunga vizuri, akapitisha ncha ya kamba kwenye hanesi, yaani mkanda wa kiunoni na mapajani, kisha badala ya kuirudisha ifuate ile nane hadi mwisho, aliichomeka tu na kuiacha. Ukitupa jicho mara moja unaona fundo. Ukilivuta kwa nguvu, linatoka. Na njia tuliyokuwa tumeichagua ni ndefu kama jengo la ghorofa tano.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba hajui. Akatazama chini. "Kaka, kwenye gari nilikuuliza kama naweza kupanda na raba zangu, ukacheka. Nikaona ukinicheka tena mbele ya watu nitaaibika."

Ni kweli nilicheka. Tulikuwa watano garini na wote walinisikia. Na nilipopaswa kulikagua fundo lake kabla hajagusa mwamba, nilikuwa nimegeuza shingo, namsimulia mwenzangu njia ngumu niliyoipanda Hell's Gate, kule Naivasha, wiki mbili kabla. Kiburi changu kilimnyima binti yule ulinzi mara mbili siku hiyo hiyo: kilimziba mdomo yeye, kikanifumba macho mimi.

Naandika haya kwa wapanda miamba wenzangu, wapya na wa zamani. Mchezo wetu una ugonjwa wa kudharauliana, na tumezoea kuusema kama jambo la tabia tu, kana kwamba madhara yake yanaishia kwenye kuumizana roho. Mimi nimeona unavyoweza kumwangusha mtu.

Sikuzaliwa na dharau hiyo, niliifundishwa. Nilipoanza kupanda kwenye ukuta wa ndani, mtu wa kwanza niliyemwomba anionyeshe namna ya kuvaa hanesi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia nikawaone "watu wa wanaoanza", akarudi kwa marafiki zake. Nilikaa miezi kadhaa nikijifunza kwa kuchungulia. Kila nilipopanda gredi moja zaidi, yaani kipimo cha ugumu wa njia, nilihisi nimelipia haki ya kumtazama mwingine vile nilivyotazamwa. Hakuna aliyeniambia waziwazi kwamba ndivyo mambo yanavyokwenda, ila ndivyo nilivyoelewa.

Ukikaa ndani ya mchezo huu utazijua ngazi zake za dharau. Anayepanda ukumbini anaambiwa hajaona mwamba. Anayepanda mawe mafupi bila kamba, na godoro chini, anaambiwa hajui woga wa kimo. Anayepanda njia zenye boliti, vyuma vilivyotobolewa mwambani vikabaki humo, anadharauliwa na anayeweka vyuma vyake mwenyewe kwenye nyufa, na huyo naye anadharauliwa na mwenye hadithi za barafu na milima mirefu. Kwenye Mlima Kenya utamkuta kijana amefika kilele cha Lenana, mita 4,985, kinachofikika kwa miguu, midomo imepasuka kwa baridi, machozi ya furaha yanamtoka, halafu mtu anayelenga Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199, anamwambia hayo ni matembezi tu. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na uso wa yule kijana bado naukumbuka.

Desemba 1963 Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huohuo nchi ilipopata uhuru. Watoto tuliokua tukisimuliwa habari zake hatukuuliza njia aliyopita ilikuwa ya gredi gani. Tulitaka kujua kama aliona baridi.

Na kuna dharau nyingine kongwe zaidi. Tunaposimulia habari za Batian tunamtaja Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni mwaka 1899 pamoja na waongozaji wake wawili kutoka milima ya Alpi, Ollier na Brocherel. Msafara wake ulibebwa na wapagazi wengi, wakiwamo Waswahili wa pwani na Wakikuyu, na hao kwenye masimulizi yetu hawana majina. Mpaka leo nakutana na wapandaji wanaoweza kukutajia kila mshiko wa njia fulani, lakini hawajui jina la aliyewabebea mahema. Kama umepanda mlima mara tatu na hujui mpagazi wako anaitwa nani, anza hapo kabla hujaanza kufikiria njia ngumu zaidi.

Gredi zenyewe zinapaswa kutunyenyekeza. Kule California, katika miaka ya 1950, wapandaji waliweka vipimo vya njia za kamba kuanzia 5.0 hadi 5.9, wakaamini 5.9 ndiyo mwisho wa uwezo wa binadamu. Walipozaliwa watu wa kuupita mwisho huo ikabidi iandikwe 5.10, na leo tuko 5.15. Mwaka 2016 Ashima Shiraishi, msichana wa miaka 14, alipanda mwamba mfupi wa gredi ya V15, kwenye kipimo kingine cha mawe mafupi, jambo ambalo wanaume wengi wenye misuli ya kutisha hawataligusa maisha yao yote. Hiyo namba unayojivunia leo, wapo watoto wanaoipasha nayo misuli moto.

Hata dharau dhidi ya mbio za ukuta, za kushindana nani atafika juu kwanza, imenifundisha kitu. Mchezo wetu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo mwaka 2021, wengi tulizikejeli hizo mbio za mita 15, tukasema huo si upandaji. Mwaka 2024 kule Paris, Veddriq Leonardo wa Indonesia aliupanda ukuta huo kwa sekunde 4.75, akaipatia nchi yake dhahabu. Nilitazama mbio hizo mara nyingi, na kila nilipotazama niliona aibu kwa maneno niliyoyasema.

Lakini turudi kwenye fundo, maana hapo ndipo penye uhai wa mtu.

Mwaka 1989, kwenye miamba ya Buoux huko Ufaransa, Lynn Hill, aliyekuwa miongoni mwa wapandaji bora kabisa duniani, alianguka zaidi ya mita 20 kwa sababu hakumaliza kufunga fundo lake. Matawi ya mti yaliupunguza ukali wa mwanguko, akapona. Miaka minne baadaye akawa mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kuipanda njia ya The Nose kwenye mwamba mkubwa wa El Capitan, huko Yosemite, Marekani, kwa mikono na miguu yake bila kuning'inia kwenye vyuma. Fundo lake na la yule binti wa Lukenya ni kosa la aina moja: kamba imepita kwenye hanesi, kazi haikukamilika. Todd Skinner alifariki Yosemite mwaka 2006 pale kitanzi cha hanesi yake, kilichokuwa kimechakaa, kilipokatika. Brad Gobright alifariki Mexico mwaka 2019 akishuka kwa kamba ambayo haikufungwa fundo mwishoni. Hao walikuwa mabingwa. Simaanishi kwamba walikuwa na kiburi, sina haki ya kusema hivyo juu ya marehemu. Ninachosema ni kwamba mwamba hauangalii umepanda nini mwaka jana. Na kama mabingwa walihitaji jicho la pili, wewe na mimi tunalihitaji zaidi, na jicho hilo linaweza kuwa la mtu aliyeanza kupanda jana.

Ila mtu aliyeanza jana hawezi kukwambia "hebu nione fundo lako" ikiwa umemzoesha kwamba akifungua kinywa atachekwa.

Baada ya siku ile ya Lukenya nilimkumbuka mjomba wangu, mgema wa huko kwetu Kilifi. Alipanda minazi asubuhi na jioni, miguu mitupu, akikanyaga vidato vilivyokatwa kwenye shina, kisu kiunoni na kibuyu ubavuni. Kwa hesabu ya mita alizopanda maishani, sijui nani kati yetu na vifaa vyetu vya ghali angemfikia. Nilipokuwa mdogo nikitaka kujifunza, nilimuuliza maswali ya kitoto kabisa, mpaka nikamuuliza kama mnazi unaweza kukasirika. Hakucheka hata mara moja. Alinijibu yote, kisha akaniambia, "Mjomba, uliza ukiwa chini. Huko juu utamuuliza nani?"

Basi, kwa wewe unayeanza: usimchague wa kukushikia kamba kwa kuangalia anapanda gredi gani. Muombe akuonyeshe jambo moja mara ya pili. Akikuonyesha kwa subira, kaa naye. Akivuta pumzi na kutazama juu, mshukuru na utafute mwingine, hata kama huyo mwingine hupanda njia rahisi. Kushika kamba vizuri na kupanda vizuri ni kazi mbili tofauti, na wapo wapandaji hodari ambao mimi siwezi kuwakabidhi kamba yangu.

Lakini jifunze pia kutofautisha. Mtu akikupigia kelele "Shuka!" kwa sababu karabina yako, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, iko wazi, huyo hajakudharau. Mzee akikukataza kupita chini ya ukuta wa Hell's Gate bila helmeti, pale ambapo mwamba umelegea na mawe huporomoka, amekuheshimu sana. Ukali wa namna hiyo upokee kwa mikono miwili. Kinachotofautisha ni kinachofuata baada ya kelele. Mwenye kukujali atakuja kukueleza na kukuonyesha. Mwenye kiburi ataondoka akiwasimulia wengine.

Kwa sisi wa zamani nina mengi ya kusema, na yote nimeyakosea mwenyewe. Acha kumwelekeza mtu ambaye hajaomba. Tunapenda sana kusimama chini na kupaza sauti, "Mguu wa kushoto juu! Shika hapo kulia!", hasa anapopanda mwanamke, hata pale anapopanda kutuzidi. Muulize kwanza kama anataka msaada. Akikataa, nyamaza umshikie kamba. Usining'inize kamba zako kwenye njia tatu asubuhi nzima wakati kikundi cha wageni kimekaa juani kinasubiri. Ukikuta wachungaji chini ya mwamba, wasalimie kama unavyosalimia watu ukiingia mji wao, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Na tuzungumze lugha inayoeleweka. Nimegundua kwamba sehemu kubwa ya majivuno yetu imejificha kwenye maneno ya Kiingereza tunayoyarusha mbele ya wageni, nusu yake sisi wenyewe hatuwezi kuyaeleza. Siku hizi nafundisha kwa Kiswahili. Nasema fundo la nane, mshika kamba, kushuka kwa kamba. Mtu anaelewa papo hapo, na akielewa anauliza swali la pili, la tatu. Kuna aliyewahi kuniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu, ikabidi nikaulize kwa wakubwa zangu. Nilijifunza kitu baada ya miaka mingi ya kupanda.

Kuna ugomvi mmoja ambao siuiti kiburi, nao ni ule wa boliti. Mimi ni wa upande wa wanaosema mwamba wenye ufa mzuri usitobolewe, na nitautetea msimamo huo hata nikiwa peke yangu. Boliti ikishaingia, mwamba haurudi ulivyokuwa. Lakini nimewaona watu wenye msimamo kama wangu wakiutumia kuwatukana vijana ambao hawajawahi kuelezwa chochote. Waelezwe kwanza, tena pale pale kwenye ufa, waone kwa macho yao vyuma vinavyokaa bila kutoboa.

Yule binti nilimwomba radhi siku ileile, mbele ya walewale watatu wengine walionisikia nikicheka garini. Ilikuwa vigumu kuliko njia yoyote niliyowahi kupanda. Alinyamaza kidogo, akafunga fundo upya huku yule mzee akimtazama, akapanda hadi juu akiwa amevaa raba zake.

Anaendelea kupanda mpaka leo. Mwezi uliopita tulikuwa wawili Hell's Gate, chini ya Fischer's Tower, pimbi wanatukodolea macho kutoka kwenye mawe. Zamu yake ilikuwa kuongoza, mimi nishike kamba. Nikalikagua fundo lake kwa vidole, mzingo kwa mzingo, likawa sawa. Naye akaja kwangu, akaivuta hanesi yangu kiunoni, akaigusa karabina, akaibonyeza.

"Kaka, hujaifunga skrubu."

Nikaifunga. Akaibonyeza tena, akageuka, akaanza kupanda.