Nimeshinda Shindano la Kuimba, Je, Nyimbo Zangu Zina Nafasi?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 21, mwimbaji na mtunzi. Miezi michache iliyopita nilishinda shindano la vipaji lililorushwa na televisheni, na sehemu ya zawadi ilikuwa mkataba wa kurekodi. Tangu nikiwa shuleni ninatunga nyimbo zangu na kuzipiga kwa gitaa, lakini lebo, yaani kampuni ya muziki niliyofunga nayo mkataba, imenipa singo iliyotungwa na watu nisiowafahamu, na katika kila shoo mashabiki wananitaka nirudie wimbo wa msanii mwingine niliouimba siku ya fainali. Kila nikiuliza kuhusu nyimbo zangu naambiwa nisubiri. Je, nigome au nivumilie?
Mtunzi Asiyesikika

JIBU: Hongera kwa ushindi, na hongera zaidi kwa kuuliza mapema. Kuhusu singo, usigombane na mtu. Wimbo wa mshindi kwa kawaida huandaliwa kabla mshindi hajajulikana, kwa kuwa ni lazima utoke mara tu baada ya fainali, jina lake likiwa lingali midomoni mwa watu. Mara nyingine waliofika fainali wote hurekodi wimbo uleule, kisha ukatolewa wa yule aliyepata kura nyingi. Anayeuchukulia kuwa dharau kwa kipaji chake anajisumbua bure. Phillip Phillips, mpiga gitaa na mtunzi aliyeshinda shindano la uimbaji la Marekani, American Idol, mwaka 2012, alitambulishwa kwa umma na wimbo uliotungwa na wengine, nao ulimfaa sana. Kilichomfikisha kwa Kamishna wa Kazi wa jimbo la California mwaka 2015 ni mikataba aliyoitia saini kutokana na shindano hilo, ambayo aliomba ibatilishwe.

Kwa hiyo rudi kwenye mkataba wako, uusome upya ukiwa na mwanasheria anayeijua biashara ya muziki, ambaye unamlipa wewe na si lebo. Kila wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili zilizo tofauti. Kuna tungo, yaani maneno na muziki wake, na kuna rekodi yenyewe, ambayo watu wa studio huiita masta. Masta kwa kawaida huwa mali ya lebo iliyoigharimia. Tungo ni mali yako tangu ulipoiandika, na katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi wake hauhitaji usajili wowote, tena hudumu uhai wako wote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwako. Angalia kama kuna kifungu kinachokabidhi haki za utunzi kwa lebo au kwa kampuni dada yake, na hasa kama kinazigusa nyimbo ulizozitunga kabla ya shindano. Hapo ndipo penye haja ya kushupaa.

Nieleze kwa hesabu, kwa sababu vijana wengi hawaonyeshwi hesabu hii mpaka imewafika shingoni. Chukulia kwamba lebo imekupa malipo ya awali ya 100,000, na kwamba unastahili asilimia 15 ya mapato ya rekodi. Rekodi ikiingiza 400,000, fungu lako ni 60,000, lakini fungu hilo ndilo linalokatwa kufidia malipo ya awali, hivyo vitabu vitaonyesha kwamba zimebaki 40,000 kabla hujapata hata senti, ilhali lebo imeshapokea 400,000 zote. Gharama za studio na za video nazo mara nyingi huongezwa kwenye deni hilohilo. Mirabaha ya utunzi hufuata njia nyingine: wimbo ukipigwa redioni au jukwaani, chama cha kukusanya mirabaha humlipa mtunzi bila kungoja hesabu za rekodi zilingane, ili mradi mkataba haukuyaunganisha mapato hayo mawili. Ndiyo maana mwimbaji maarufu anaweza kuwa hana kitu mfukoni, huku mtu aliyemtungia wimbo, ambaye hakuna anayeijua sura yake, akilipwa kila mwaka.

Basi rekodi singo yao, lakini omba kwa maandishi nafasi ya nyimbo zako kadhaa ndani ya albamu. Wakikuweka chumba kimoja na watunzi wazoefu, ingia kwa moyo mmoja, ila mgawanyo wa asilimia za kila mtunzi uandikwe na kutiwa saini siku hiyohiyo, kabla wimbo haujawa na thamani ya kugombewa. James Arthur, mshindi wa The X Factor ya Uingereza mwaka 2012, alianza na wimbo wa kurudia, akaachana na lebo yake mwaka 2014, kisha mwaka 2016 akashika tena namba moja nchini humo kwa wimbo alioshiriki kuutunga. Hata hivyo, si kila mara lebo ndiyo inayokosea. Kelly Clarkson, mshindi mwingine wa American Idol, aliisimamia kwa nguvu albamu yake ya mwaka 2007 licha ya shaka za lebo yake, ambayo alishiriki kutunga nyimbo zake zote, na mauzo yake yakawa pungufu kwa mbali kuliko ya albamu iliyoitangulia.

Na huo wimbo wa fainali waimbie tu mashabiki, wala usinune, maana ndio waliokupigia kura. Uweke mapema katika shoo, kisha fuatisha wako wakati wangali wanashangilia.

SWALI: Dada yangu alishika nafasi ya tatu katika shindano kama hilo na hakupewa mkataba wowote. Je, nafasi yake imepotea?
Kaka Mtu

JIBU: Haijapotea. Kundi la One Direction lilikuwa la tatu katika The X Factor mwaka 2010, na Jennifer Hudson, aliyetolewa American Idol akiwa wa saba mwaka 2004, alitwaa tuzo ya Oscar mwaka 2007. Asiyeshinda ana uhuru wa kuchagua watu wa kufanya nao kazi, ingawa uhuru huo uhakikishwe kwanza, kwa kuwa fomu za kujiunga na baadhi ya mashindano huwafunga washiriki wa hatua za mwisho kwa muda fulani, hata wale walioshindwa. Dada aitafute fomu aliyoitia saini, na kama ina kifungu cha namna hiyo, awaombe waandaaji barua ya kumwachilia kabla hajatia saini kwa mtu mwingine yeyote.