Likizo ya Familia Hispania: Visa, Swala na Chakula cha Msafiri Mwislamu

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mama wa watoto wawili na tunaishi Mombasa. Mume wangu ameweka akiba kwa miaka miwili ili shule zikifungwa mwezi wa Agosti twende Hispania, tuone Córdoba na Granada ambazo tumezisoma katika tarikh tangu madrasa. Tumepanga siku tatu Córdoba na wiki moja Granada. Wakala wa safari anatuambia ni lazima tukate bima, na kwa kuwa akaunti yetu haina pesa nyingi, tukope kwa jamaa, ziingie benki zionekane, kisha tuzirudishe. Kuna ndugu ametutumia mawaidha ya sheikh mmoja anayesema safari ya starehe katika nchi za makafiri ni haramu kabisa. Nasi bado hatujahiji. Tufanyeje ili likizo yetu iwe ya halali, hasa katika swala na chakula?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake.

Dada yetu, umeuliza hasa kuhusu swala na chakula, lakini yaliyo mazito zaidi katika swali lako ni yale uliyoyataja kwa kupita, nayo ni pesa na karatasi. Mtu aweza kupata hoteli isiyouza pombe na mgahawa wenye cheti cha halali, na safari yake ikawa imeharibika tangu Mombasa kwa sababu ya alichokiwasilisha katika maombi ya visa.

Hilo la kukopa pesa zikapite kwenye akaunti ni udanganyifu, hata kama limekuwa desturi na mawakala wanalifundisha waziwazi. Ubalozi unapotaka taarifa ya benki unauliza jambo moja, kama nyinyi wenyewe mnao uwezo wa kujigharimia, nanyi mtakuwa mmejibu kwa pesa ya mtu mwingine. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim: "Mwenye kutughushi si katika sisi." Wala haifai kusema kwamba wanaodanganywa si Waislamu, kwa sababu visa ni ahadi ya amani baina ya mgeni na nchi inayompokea, na fuqaha wetu, yaani wanazuoni wa sheria, wameeleza kwamba anayeingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani yao ni haramu kwake kuwafanyia hiana. Mwenyezi Mungu amesema mwanzoni mwa Suratul Maida: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba." Ikiwa jamaa huyo kweli anataka kuwasaidia, na aandike barua kwa jina lake kwamba anawagharimia, aambatanishe taarifa ya benki yake mwenyewe, na awe tayari kulitimiza aliloliandika. Ikiwa hayuko tayari kwa hilo, basi punguzeni siku za safari mpaka zilingane na mlicho nacho.

Na akiba hiyo ya miaka miwili, je, imetolewa zaka? Watu wengi hudhani kuwa pesa iliyokusudiwa matumizi fulani haina zaka, iwe ni ya harusi, ya kujenga au ya safari. Nia haiiondoshei pesa zaka yake. Ikiwa akiba imefikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu ikiwa katika kiwango hicho, basi kila mwaka uliokamilika una asilimia mbili na nusu yake, nayo itolewe kabla ya kukata tiketi.

Ama bima, nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, Hispania ikiwemo, humtaka mwombaji wa visa ya matembezi awe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilitoa uamuzi kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari, yaani utata wa kutojua nani atapata nini, inayoufisidi mkataba, na badala yake likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana, ambayo leo tunaiita takaful. Kwa hiyo ulizeni takaful kwanza, na muulize waziwazi kama wana bima ya safari inayokubaliwa na ubalozi. Msipoipata, kateni ile ya chini kabisa inayotimiza sharti, kwa kuwa mmelazimishwa nayo na hamkuichagua, wala msiongeze juu yake vifurushi vya mizigo kupotea na ndege kuchelewa ambavyo hamkulazimishwa.

Kuhusu Hija, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i mwenye uwezo anaruhusiwa kuichelewesha kwa sharti la kuazimia kuitekeleza na kutochelea kushindwa baadaye, ilhali wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wanasema ni wajibu wa papo hapo. Hivyo sitasema kwamba safari yenu ni haramu kwa sababu hamjahiji. Lakini hao hao Mashafi'i wanasema kwamba aliyeweza akachelewesha mpaka akafa, amekufa na dhambi, na gharama ya kuhijiwa itatolewa katika mirathi yake kabla ya warithi kugawana. Familia ya watu wanne kwenda Ulaya ni gharama kubwa, na kama pesa hizo zinamtosha mumeo kwenda Makka na kuwaachia masurufu, rai yangu ni kwamba aende Hija kwanza. Alhambra, kasri la Granada, imesimama tangu zama za Banu Nasri, wafalme Waislamu wa mji huo, na haihami.

Sheikh aliyesema "haramu kabisa" ana pahali alipotegemea. Ipo hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi ambamo Mtume (s.a.w.) anajitenga na kila Mwislamu anayekaa baina ya washirikina, na wapo wanazuoni wa zama zetu waliokataza kwenda huko bila haja. Lakini wengi wameifahamu hadithi hiyo kwa mtu anayefanya makazi mahali asipoweza kuidhihirisha dini yake. Matembezi ya siku kumi, katika miji yenye misikiti na adhana, mwanamke akiwa na mumewe, yanabaki katika uhalali wa asili, na Qur'ani katika Suratul Ankabut inatuambia: "Tembeeni katika ardhi na mtazame vipi alivyoanzisha uumbaji." Kinachoweza kuiharamisha safari ni kile kinachokusudiwa ndani yake, au fitna ambayo mtu anajua atawaingiza watoto wake ndani yake.

Kwa ajili hiyo lau mngeniuliza kabla ya kuchagua mwezi ningewaambia msubiri likizo ya Desemba. Agosti ndio kilele cha watalii katika fukwe za Málaga, ambako kuna mengi ambayo jicho halikuruhusiwa, na Córdoba mwezi huo joto hukaribia nyuzi 40. Tena kuna saa za swala, ambazo watu wa pwani yetu hawazifikirii mpaka wamefika. Sisi magharibi yetu ni kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Granada mwanzoni mwa Agosti adhuhuri huingia yapata saa nane na dakika ishirini mchana, alasiri saa kumi na mbili na dakika kumi, jua huzama saa tatu na dakika ishirini usiku, isha hukaribia saa tano, na alfajiri ni kama saa kumi na moja na nusu. Mtoto wa miaka minane hatafika isha hiyo akiwa macho. Desemba adhuhuri ni saa saba na dakika kumi, na jua huzama mnamo saa kumi na mbili jioni, karibu na mazoea yenu.

Mkienda Agosti, basi rukhsa ya msafiri, yaani ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, ndiyo itakayowapa nafasi, nayo inategemea ratiba mliyoipanga. Kwa madhehebu yetu, msafiri aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukatikiwa na safari yake mara anapofika. Kwa hiyo Córdoba, ambako mtakaa siku tatu, mtapunguza adhuhuri, alasiri na isha ziwe rakaa mbili mbili, na mtaweza kuikusanya isha pamoja na magharibi mara tu jua linapozama, kisha watoto walale. Granada, kwa kuwa mmenuia wiki nzima, mtaswali kamili tangu siku ya kwanza na kila swala kwa wakati wake, ikiwemo hiyo isha ya saa tano. Wiki hiyo mkiigawa, siku tatu Granada na siku tatu Seville, ambako ni mbali zaidi ya kilomita 200, rukhsa itabaki nanyi kote. Kupanga hivyo hakuna ubaya wowote, maana mmesafiri kweli. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda rukhsa zake zifuatwe.

Katika ndege, kusanyeni adhuhuri na alasiri uwanjani Nairobi, kwani mkishatoka Mombasa nyinyi ni wasafiri. Alfajiri haikusanywi na swala yoyote, na ndege nyingi za kwenda Ulaya huruka usiku, kwa hiyo itawakuta angani. Ombeni wahudumu nafasi karibu na mlango wa nyuma, mswali kwa kusimama na kuelekea kibla. Msipoweza, mswali vitini kwa kuuheshimu wakati, kisha muirudie mkishuka.

Kibla nacho kitawageuka. Mombasa iko karibu sawasawa kusini mwa Makka, ndiyo maana misikiti yetu inaelekea kaskazini. Hispania mtaelekea mashariki, mkiinamia kusini kidogo. Wala msifuate mihrabu ya msikiti wa kale wa Córdoba, kwani umeelekea kusini zaidi kuliko inavyopaswa, na watu wa tarikh wamelieleza hilo kwa njia mbalimbali.

Msikiti huo wenyewe, uliojengwa na Abdurrahman wa Kwanza kuanzia mwaka 785, ni kanisa kuu tangu 1236, na wenye mamlaka nao wanakataza Mwislamu kuswali ndani. Mwaka 2010 baadhi ya watalii Waislamu walijaribu, kukazuka vurugu na watu wakakamatwa. Mimi sioni ujasiri wa kidini katika jambo hilo. Aliyenunua tiketi amekubali sharti la mlango, na swala mahali penye masanamu ina karaha hata pasipo marufuku. Umar (r.a.) alijizuia kuingia makanisa yao kwa sababu ya masanamu. Kuingia kutazama, pasipo kushiriki ibada yao, wanazuoni wamehitilafiana, na nionavyo ni kwamba inafaa kwa anayekwenda kusoma tarikh. Swalini nje, na mkifika Granada uko msikiti wa Waislamu uliofunguliwa mwaka 2003 mtaani Albayzín, ukitazamana na Alhambra. Na ndani ya Alhambra wasomesheni watoto yaliyochongwa ukutani mara kwa mara, Wa laa ghaaliba illa Llah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, kwa maana wengi hupiga picha mbele yake bila kuyasoma.

Sasa chakula. Nguruwe katika nchi hiyo hayuko kwenye nyama peke yake. Supu baridi ya nyanya ya Córdoba iitwayo salmorejo huonekana ni ya mboga, lakini huletwa imenyunyiziwa vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, na kuviondoa kwa kijiko hakuisafishi bakuli, kwa sababu supu ni majimaji na najisi imekwishaigusa. Waambieni kabla haijatoka jikoni: sin jamón, yaani bila jamón. Biskuti na vitamutamu vya kienyeji vingi hutiwa mafuta ya nguruwe, nayo huandikwa manteca de cerdo kwenye karatasi yake. Katika samaki mna wasaa mkubwa, kwa kuwa kilichovuliwa baharini ni halali kwa nassi ya Suratul Maida aya ya 96, ila ulizeni kama kimekaangwa mafuta yale yale yaliyokaangiwa nyama, na kama mchuzi wake umetiwa mvinyo. Ama nyama ya ng'ombe na kuku, Waislamu wenye asili ya Moroko wana mabucha na migahawa Granada, hasa kwenye kichochoro cha Calderería, kwa hiyo hamna haja ya kuingia katika khilafu ya wanazuoni juu ya vichinjwa vya Ahlul Kitab (Wakristo na Mayahudi) wa leo.

Mkikodi nyumba yenye jiko, vyombo vyake yamkini vimepikiwa nguruwe. Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) aliuliza jambo hili hili, naye Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba wakipata vyombo vingine wasile katika hivyo, na wasipopata, wavioshe kisha wale, kama ilivyo kwa Bukhari na Muslim. Kauli mashuhuri kwetu ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu, ameona kwamba kwa upande wa dalili kuosha mara moja kunatosha kwa nguruwe. Msafiri aliyechukua kauli hiyo halaumiwi. Sufuria moja ndogo na visu viwili kutoka nyumbani vitawaondolea mjadala wote.

Katika kuchagua hoteli epukeni ile bei moja inayojumuisha kila kitu, kwani ndani yake mmelipia na mvinyo hata msipounywa. Chukueni chumba na chai ya asubuhi. Bwawa la kuogelea la pamoja halikufai wewe dada yetu wala mumeo kwa sababu ya yanayoonekana pale. Baadhi ya nyumba za kukodi zina bwawa lake ndani ya ukuta, nalo laweza kuwatosha nyote pamoja na watoto.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.