Duka limechomwa kwenye vurugu, bima wanasema picha ni ya zamani

Pole sana dada yangu, kuchomewa duka la vitenge pale soko la Kilombero, Arusha, alafu bima wakwambie picha iliyosambaa mtandaoni si ya siku ile, inauma kweli. Ila usianze kubishania picha, anza na mkataba, soma sehemu ya yasiyolipwa maana bima ya moto ya kawaida mara nyingi haigusi ghasia na maandamano mpaka uwe umeongeza kipengele chake na kukilipia. Kama kipo, basi una kesi.

Hiyo picha ya mitandaoni haikubebi, mtafute aliyeipiga akupe faili lenyewe kutoka kwenye simu yake, na asilitume kama picha ya kawaida WhatsApp coz tarehe na mahali vinafutika, alitume kama dokumenti au akuhamishie kwa waya. Ambatanisha RB ya polisi (namba ya taarifa uliyoripoti), risiti za EFD za mzigo, daftari la stoo, na majirani waliokuwepo waandike maelezo.

Wakikataa, dai barua yenye kipengele walichotumia, ndo uende nayo TIRA (mamlaka inayosimamia bima), kanda ya kaskazini wapo hapo hapo Arusha, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na tafadhali usisaini hati ya kukubali malipo kama kiasi hakijakuridhisha.